Kidonda Chini ya Kigwe

*Siku ya pili baada ya sikukuu ya Dasara*

Leo tumeanza kuchuma. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zangu zimeinama kama mtama uliopigwa na upepo, lakini ni zangu. Shule sikuiona hata mlango. Sunanda, mkaza mwanangu, ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika msimu wa mvua uliopita, kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya jikoni, na nilipokosea alifuta kwa kisigino. Nimesema msimu huu wa pamba nitauandika mpaka uishe.

Asubuhi tulimwagia Mama Sita, mungu wetu wa kike wa mashamba, mtindi na wali pembeni ya shamba, kama inavyopasa. Umande ulipokauka nikatangulia mstari. Naongoza wanawake wa kuchuma tangu mwanangu Gajanan akiwa bado ananyonya, na leo Gajanan ana mvi masikioni.

Nilikaza kigwe cha gagulo, nikavaa sari juu yake, kisha juu ya vyote nikafunga oti, ile nguo ya kuning'iniza kiunoni tunamotumbukiza pamba. Ikijaa, inakuvuta chini kama mtoto mzito. Kiuno kisipofungwa sawasawa, oti inaanguka, na mwanamke anaanguka nayo.

Nyuma yangu yuko Kausa, jirani yangu, wa rika langu, ulimi wake mrefu kuliko barabara ya Nagpur.

"Girja, mwaka huu nakupita."

"Pita tu. Hata mbuzi wangu hunipita, ila pamba hachumi."

Wakacheka mstari mzima.

*Ijumaa*

Joto. Tumechuma. Kausa hakunipita.

*Jumatatu*

Nimemgombeza Sunanda. Sari yake inateleza kila hatua tatu, anaivuta kama mtu anayekokota ndama. Nimemwambia: "Mama mkwe wangu aliniambia siku niliyoingia nyumba hii, nguvu za mwanamke ziko pale anapofunga. Wewe unafunga kama unaogopa kujiumiza."

"Kigwe kinaniwasha, Mama."

"Kinawasha kwa sababu kimelegea. Kitu kilicholegea kinasugua. Kaza, kitatulia."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Hapa kwetu kila mwanamke ana pete nyeusi kiunoni, alama ya kigwe. Bibi arusi huja na kiuno cheupe, tunamwona mtoni akioga, tunamcheka. Baada ya miaka ngozi inakuwa nyeusi, nene, yenye magamba, tunasema sasa huyu amekuwa mtu. Mimi yangu ni pana kama vidole vitatu. Nimeivaa kwa fahari kuliko bangili.

Sunanda amekaza. Ameinama kwenye cherehani yake.

*Alhamisi*

Kiunoni upande wa kulia, pale fundo linapokaa, pamepasuka tena. Si jambo geni. Miaka mingi sasa panachubuka wakati wa mvua, panatoa maji, baridi ikija panakauka na kufanya magamba. Nimepaka manjano na chokaa. Nimekunja kitambaa, nikakiweka juu, nikakaza kigwe juu ya kitambaa. Kidonda kikibanwa kinanyamaza.

*Jumamosi, kabla ya Diwali*

Hakijanyamaza.

*Sikukuu ya Diwali*

Taa mlangoni, watoto wa jirani wanalipua fataki chini ya ng'ombe, na ng'ombe wangu mwekundu amekata kamba. Gajanan kaninunulia sari mpya rangi ya majani makavu. Nimeivaa nikazunguka nayo kijiji kizima ili Kausa aione. Kaiona. Kasema inanifanya nifanane na bua la mtama. Nimemwambia bua la mtama angalau lina kichwa.

Jioni, Sunanda alipokuwa akigawa vitamu, alinusa hewani.

"Mama, kuna panya amekufa humu?"

Nikasema ndiyo. Nikawasha udi. Gajanan amehamisha magunia yote akitafuta panya. Maskini mwanangu, ametafuta mpaka nyuma ya pipa la nafaka.

*Jumatano*

Mawingu. Pamba ya mchumo wa pili imefunguka shamba zima, nyeupe mpaka macho yanauma, na juu yake mbingu nyeusi. Mvua ikiinyeshea inaoza kwenye kitumba, inakuwa kijivu, hakuna anayeitaka.

*Alhamisi*

Mawingu. Tumechuma bila kula.

*Ijumaa*

Mawingu. Nimekaza mara mbili. Nimebadilisha kitambaa mara nyingi kuliko mama wa mtoto mchanga.

*Jumapili*

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote.

Mvua ilikuja jana mchana. Tangu alfajiri Gajanan alikuwa anatazama magharibi, akasema mvua itafika kabla ya usiku. Nikaita kila mwenye mikono. Hata Sunanda akaacha cherehani. Tulichuma kwa mikono miwili, hakuna aliyesimama kunyoosha mgongo, hakuna aliyetafuna tumbaku. Oti yangu ilijaa, nikaimwaga kwenye mkokoteni, ikajaa tena. Upepo ulipogeuka na kuanza kunukia udongo, nilikuwa mbele ya wote. Kausa alikuwa nyuma yangu hatua chache, nikamsikia anapumua kama nyati. Sikukubali.

Nilipoinama kwa kitumba cha mwisho cha mstari, nikasikia kitu kikichanika. Nikadhani ni sari. Nikafika kwenye mkokoteni, nikafungua oti, na pamba ya chini ilikuwa nyekundu.

Wanawake wakasogea. Mvua ikaanza kupiga matone makubwa juu ya turubai. Kausa akatazama ile pamba, akanitazama mimi, kisha akaivuta pamba nyekundu akaitupa chini akaikanyaga kwenye matope kabla vijana hawajaiona. Akasema kwa sauti kubwa, "Kajikata na mundu huyu bibi, anajifanya bado msichana!" Hakuna mundu shambani siku ya kuchuma pamba. Kila mtu anajua. Lakini wakacheka, na kicheko kile kilinifunika kuliko sari.

Nyumbani Sunanda alinifuata mpaka zizini. Akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Mama, fungua."

"Sifungui."

"Mama. Nimezaa mara mbili mbele yako. Umeniona mahali ambapo mume wangu hajawahi kutazama kwa taa. Leo ni zamu yangu. Fungua."

"Ni kidonda cha kigwe tu. Kila mwanamke anacho."

"Basi nionyeshe cha kila mwanamke."

Nikafungua. Sijawahi kukitazama vizuri mimi mwenyewe, kiko ubavuni, unakiona nusu nusu. Sunanda akaleta kioo cha Gajanan cha kunyolea ndevu. Nyama imeota juu ya kidonda, imepasukapasuka, na kingo zake zimeinuka ngumu kama mdomo wa chungu. Ukigusa kinatoka damu. Harufu sitaiandika.

Nilimwangalia usoni ili nione atakapotapika. Huyu binti nilimdhani laini kama mtindi. Hakutapika. Alichemsha maji, akatia chumvi, akakiosha kama mtu anayeosha sahani ya shaba. Kisha akasema, "Jumanne hospitali. Ukikataa nitamwita Bi Kausa aje akuvute nywele."

Pamba tuliiokoa karibu yote. Naandika hilo pia.

*Jumanne*

Hospitali ya wilaya. Watu wamepanga foleni mpaka nje kwenye mwarobaini. Daktari ni mwanamke mdogo, Daktari Meshram, nywele zake zimefungwa kwa penseli. Alikitazama, akagusa kingo, akagusa kinenani kwangu, pale mtoki unapotokea mguu ukiwa na kidonda. Alikuta donge.

"Kimeanza lini, Bibi?"

"Alama ni ya kabla hujazaliwa. Kuchubuka, miaka mingi. Kugoma kupona, tangu kabla ya Diwali."

Akamgeukia Gajanan aliyenileta, akaanza kusema naye kwa sauti ya chini. Nikagonga meza.

"Daktari, kidonda kiko kwangu. Huyu hana hata kiuno, mtazame. Sema na mimi."

Akaona haya, lakini akacheka. Akageuza kiti chake kunielekea, na toka hapo kila neno alinipa mimi.

Alisema ngozi ikisuguliwa mahali pamoja miaka na miaka, ikichubuka, ikapona, ikachubuka, inachoka kujitengeneza. Siku moja inajitengeneza vibaya, na haijui tena kuacha. Akasema anaogopa ni saratani ya ngozi. Alikata kipande kidogo kama punje ya mbaazi akakitia kwenye chupa. Wataalamu watakitazama.

"Na donge?"

"Labda ni uchafu wa kidonda tu. Labda ugonjwa umeanza kutembea. Maisha yako yanategemea hilo, Bibi, ndiyo maana sitaki uchelewe."

Nimeyapenda maneno yake. Hayakupakwa sukari.

*Ijumaa*

Tunangoja. Jua limerudi. Pamba iliyobaki inakauka.

*Jumapili*

Tunangoja. Kausa kapita mlangoni mara tatu, hakuingia. Mara ya tatu nikamwita, "Umepoteza nini, kuku?" Akasema ndiyo, kuku. Kausa hafugi kuku.

*Jumatano*

Ni saratani.

Naliandika neno hili kwa herufi kubwa kuliko mengine ili lisidhani nimeliogopa.

*Alhamisi*

Gajanan alilia jana kwenye mkokoteni njia nzima. Ng'ombe walisimama peke yao wakamngojea. Leo asubuhi kaja na wazo: kuna baba mmoja mtakatifu kule mlimani anayetoa majivu ya dawa, watu wanapona. Nikamwambia, "Majivu nimepaka. Manjano nimepaka. Chokaa nimepaka. Kama dawa ya kupaka ingetosha, kiuno changu sasa kingekuwa hekalu. Na futa kamasi, baba yako angekucheka."

Daktari anataka kukata upesi: kipande chote na nyama njema inayokizunguka, kisha achukue ngozi ya paja aibandike hapo. Na donge atalitoa alitazame. Yote hayo nimekubali kwa kichwa. Lakini alisema neno moja la mwisho, na hilo ndilo limenikaa kooni.

"Ukipona, Bibi, usifunge tena kigwe hapo. Kamwe. Gauni, au chochote kinachoning'inia mabegani."

Gauni! Nimewacheka wanawake wa gauni maisha yangu yote. Nimesema wanafanana na magunia yaliyofunguka mdomo. Nitatanguliaje mstari bila kujifunga kibwebwe? Nitafunga wapi oti? Shingoni kama mbuzi?

Nimemwambia tumalize mchumo kwanza.

"Pamba itakungoja?" akauliza.

"Pamba haingoji."

"Na hiki hakingoji."

Nikarudi nyumbani hivyo hivyo.

*Jumamosi*

Nimechuma. Nilifunga oti upande wa kushoto. Donge kinenani linauma nikikanyaga. Wanawake hawakuimba leo. Kausa alichuma polepole makusudi, ili abaki nyuma yangu. Afadhali angenipita. Nilimtukana kwa kunihurumia. Akanitukana zaidi. Tukajisikia vizuri wote wawili.

*Jumatatu*

Leo yamenipata makubwa.

Niliingia uani kuchukua ndoo, Sunanda alikuwa anaoga nyuma ya pazia. Upepo ukalifungua. Nikamwona kiuno. Pete nyeusi ipo, imeanza. Lakini upande wa kulia, chini ya mbavu, palepale pangu, ngozi imetoka, nyekundu, inang'aa kwa majimaji.

"Tangu lini?" nikasema.

Akajifunika. "Tangu nilipokaza, Mama. Ulisema kitatulia."

Kweli nilisema. Mimi, Girja, ambaye nikiamka nasema na nikilala nasema. Nimeingia ndani, nimechukua mundu, nimerudi, nimeshika kigwe cha gagulo lake kilichoning'inia kwenye mti wa kuanikia, nimekikata katikati. Kisha magagulo yake mengine. Kisha yangu. Vigwe vimejaa uani kama nyoka waliouawa. Gajanan akaja mbio akidhani nimerukwa na akili.

"Mama! Mtavaa nini sasa?"

"Hilo ni kazi ya mwenye cherehani," nikasema. "Sunanda, shona kitu kinachoning'inia begani. Kimoja chako, kimoja changu. Na wewe Gajanan, funga ng'ombe. Tunakwenda hospitali."

"Sasa hivi? Na mchumo?"

"Mwambie Kausa atangulie mstari. Mwambie nimemwazima tu."

Niliingia hospitalini nimevaa sari iliyoshikiliwa na pini za nepi za mjukuu. Daktari Meshram hakuuliza. Alisema tu, "Keti, Bibi, nikutafutie kitanda." Na Sunanda wangu akavua, akaonyesha chake pia. Daktari akakitazama muda mrefu. Akasema hiki bado ni mchubuko, si zaidi: mafuta, na asifunge kitu hapo. Mara mbili nilimfanya arudie neno "bado." Hiyo "bado" nimeibeba kifuani kama mtoto.

*Siku ya kukatwa*

Wamenichoma sindano ya mgongo, miguu ikawa ya mtu mwingine. Macho yangu yalikuwa wazi. Waliweka kitambaa cha kijani nisione, lakini masikio hawakuyafunika. Nilimuuliza daktari kama ameolewa. Nikamuuliza mama yake anatoka wapi. Akasema, "Bibi, ukinichekesha mkono utatetemeka." Nikanyamaza mpaka mwisho. Watu wangu wasingeamini.

*Siku iliyofuata*

Paja limekigawia kiuno ngozi. Paja ndilo linalouma zaidi. Mfadhili siku zote ndiye anayeumia.

*Jumapili*

Wodi ya wanawake. Kitanda cha kushoto kuna aliyeungua na jiko, kulia kuna mama wa kisukari, mguu wake umekatwa kidole. Nimewaambia habari za panya wa Diwali. Yule wa jiko kacheka mpaka nesi akaja kunikaripia, kisha nesi akataka nirudie.

Gajanan alinichana nywele leo. Mwanamume mzima mwenye mvi, anamchana mama yake mbele ya wodi nzima, na mafuta anapaka kwa kiganja. Wanawake walinitazama. Nikainua kidevu.

Kausa hajaja. Ametuma neno kwa Sunanda: "Mwambie mstari wa mbele una mtu, asiharakishe." Nilikasirika mpaka homa ikashuka.

*Jumanne*

Majibu bado.

*Alhamisi*

Majibu bado. Usaha hakuna. Ngozi ya paja imeshika, daktari anasema imekubali makao mapya. Nimemwambia ni ngozi yangu, haijui kushindwa.

*Sikukuu ya Sankranti*

Niko nyumbani. Gajanan ameleta karatasi ya majibu, nikamnyang'anya niisome mwenyewe, lakini ni maneno ya kidaktari, nikampa Sunanda. Alisoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Kisha akanishika mkono.

Kingo safi. Wamekata chote. Donge lilikuwa la uchafu wa kidonda, ugonjwa haujatembea.

Nirudi nikatazamwe kila baada ya miezi mitatu, miaka kadhaa, kwa sababu huu ni ugonjwa wa kuvizia. Nitarudi. Na uvizie, utanikuta niko macho.

Nimekula kashata za ufuta mpaka meno yakagoma. Mjukuu amerusha tiara, imenasa kwenye waya. Nimemsifu hata hivyo.

*Jumatano*

Sunanda amemaliza. Ni gagulo lenye mikanda ya begani, pana, laini, linaning'inia kama gauni la mtoto, na sari inachomekwa juu yake kwa kukunjwa tu. Ameshona na mfuko wa pamba wa kuvaa mabegani, mikanda inapishana mgongoni, mzigo unakaa tumboni bila kugusa kiuno. Niliuvaa nikatembea uani. Nilisubiri kujisikia kama gunia.

Nilijisikia napumua. Sijui mara ya mwisho nilipumua mpaka chini namna hiyo. Nikamuita Sunanda nikamshika uso kwa mikono yote miwili, nikambusu paji la uso, nikamwambia mikono yake ina akili kuliko kijiji kizima. Alilia. Nikamwambia asilowanishe kitambaa.

*Jumatatu, mchumo wa mwisho*

Daktari amenikataza kubeba. Hakunikataza kusema.

Nimekwenda shambani na gagulo la mabega. Sunanda kavaa lake na mfuko mpya. Kausa alikuwa amesimama kwenye mstari wangu, oti yake imekazwa mpaka tumbo limegawanyika mawili.

"Haya, tazameni!" akasema. "Girja ameingia darasa la kwanza. Mama, umesahau begi la vitabu!"

Walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikawaambia wawafukuze wanaume waende na mkokoteni. Walipotoka, nikainua sari. Nikawaonyesha. Shimo, viraka, mistari ya nyuzi, na paja lililochunwa.

Hakuna aliyecheka.

"Hii ni alama ya kigwe," nikasema. "Ile tuliyosema inamfanya mwanamke kuwa mtu. Mimi nilikuwa na pana kuliko zenu zote, nikaringa nayo. Sasa sikilizeni. Pete nyeusi peke yake si kitu cha kulilia, lakini msiikaze zaidi, sogezeni, legezeni, vaeni begani. Ila mwenye kidonda kisichopona, mwenye nyama inayoota, mwenye kutoa damu akiguswa, huyo aniambie leo. Si kesho. Leo. Hapa sote ni wanawake, na mficha uchi hazai."

Chhaya, mke mpya wa nyumba ya kisimani, ndiye aliyeanza. Akainua. Weusi tu. Kisha mwingine. Kisha wakawa wanainua wote, wanatazamana, wanagusana, "Wewe hapa umechubuka," "Na wewe mbona magamba haya?" Katikati ya mashina ya pamba, viuno vyote vya kijiji juani. Sijawahi kuona shamba zuri kama lile. Wawili nimewaambia waende kwa daktari, wamekubali.

Kausa hakuinua. Alisimama kando, mkono juu ya oti yake, upande wa kulia.

"Umetuvua nguo," akasema. "Kwa sababu wewe umekatwa, unataka tukatwe sote."

"Kausa, toa mkono hapo."

"Usiniamuru. Mstari huu ni wangu sasa."

"Chukua mstari. Toa mkono."

Akaondoka. Aliacha pamba kwenye vitumba na akaondoka, akikanyaga kwa nguvu, bila kugeuka.

*Jumanne*

Nimekwenda kwake. Kafunga mlango. Nimeongea na mlango. Nimeuambia mlango kwamba siku ile ya mvua mtu alikanyaga damu yangu kwenye matope ili nisiaibike, na kwamba sijamshukuru, na sitamshukuru mpaka atoke.

Hakutoka. Lakini nilimsikia akipumua nyuma yake, kama nyati.

*Jumatano*

Hajatoka.

*Alhamisi*

Hajatoka. Sunanda kamshonea gagulo la mabega, rangi ya zambarau, rangi yake. Tumelining'iniza kwenye kitasa chake.

*Ijumaa*

Asubuhi, maji yakiwa bado hayajachemka, nimemkuta amesimama zizini kwangu. Amevaa zambarau. Amelivaa nyuma mbele. Nikauma ulimi wangu, Mungu ananijua.

"Basi la hospitali linapita saa ngapi?" akasema, akimtazama ng'ombe.

"Linapita sasa hivi."

Ndani ya basi nikamwachia dirisha. Kidonda chake ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Ni cha miaka mitatu. Miaka mitatu alichuma nyuma yangu na kile kitu chini ya fundo, na karibu anipite. Nilipokiona nilimheshimu, na nilitaka kumpiga.

Daktari Meshram alikitazama, akaniangalia mimi, akachukua kisu kidogo cha kukatia kipande na chupa. Nesi akafungua mlango, akaniambia, "Bibi, ndugu wanangoja nje."

Nikageuka kutoka. Kausa akanishika sari, akaivuta mpaka ikafunguka begani.

"Huyu asitoke," akamwambia nesi. "Nikilia mbele yake atanisema mpaka siku yangu ya kufa. Mwacheni akae hapa, hapa nimwone. Sitalia."

Nilikaa palepale alipotaka, nikamkazia macho. Sindano iliingia, kisu kikakata, na Kausa akanitazama mpaka mwisho, kavu kabisa.